Kanada si lazima ishinde, mkuu

Mkuu, umeuliza kama Ufini wana ubavu wa kuifunga Kanada kwenye hoki ya barafu, ilhali Kanada imejaza nyota. Wanao, tena wameshafanya hivyo. Fainali ya dunia 2019, Bratislava, Ufini walikwenda bila majina yao makubwa ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, wakashinda 3-1, nahodha Marko Anttila akifunga mawili.

Kwa kipaji mtu kwa mtu, Kanada bado namba moja, hapo sibishani. Ila mechi ya mtoano ni moja tu, na kipa mmoja anaweza kuiamua. Nagano 1998, nusu fainali ya Olimpiki, Wacheki na Kanada walitoka 1-1 wakaenda penalti. Wakanada watano walimfuata Dominik Hasek, kipa wa Wacheki, mmoja mmoja, na hakuna aliyefunga. Wayne Gretzky, mfungaji bora wa zama zake, alibaki benchi akitazama, hakuchaguliwa kupiga. Mpaka leo uamuzi ule unaniuma! Wacheki wakaifunga Urusi 1-0 fainali, wakabeba dhahabu.

Kwa hiyo ukilinganisha timu, anza na golini.