Bosi yuko Horohoro, faili liko ofisini: anza na anwani ya IP

Ofisi nyingi ninazofungia intaneti hapa Tanga ni za watu watano, sita: mawakala wa forodha karibu na bandari, wahasibu, maduka ya jumla ya Ngamiani. Shida yao ni ileile. Bosi yuko mpakani Horohoro na mzigo, anataka faili lililobaki kwenye kompyuta ya ofisini. Swali la kwanza huwa ni ruta ipi nzuri. Mimi naanzia kwenye anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha ofisi kwenye intaneti.

Ingia kwenye ruta, soma anwani iliyoandikwa upande wa WAN, yaani upande unaotazama intaneti, halafu linganisha na ile ambayo tovuti za kuangalia IP zinakuonyesha. Zikitofautiana, au ya ruta ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue umewekwa pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Ruta za laini ya 4G mara nyingi ndivyo zilivyo. Hapo hata ununue ruta ya bei mbaya, huwezi kuifikia ofisi kutoka nje moja kwa moja. Omba anwani ya umma isiyobadilika, au kodi seva ndogo yenye anwani hiyo na ruta ya ofisi ndiyo iunganishe kwenda huko.

Sasa lililo zito. Usikubali fundi akufungulie poti 3389 ya Windows, mlango wa kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kwa dunia nzima. Ni kazi ya dakika chache, ndiyo maana inapendwa. Lakini kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga poti hiyo na kubahatisha nywila. Kubadili namba ya poti hakukuokoi, kwa sababu zinapitia na nyingine. Nimeshakuta ankara za ofisi nzima zimebadilishwa majina, hata moja haifunguki, na kwenye skrini kuna barua ya kudai fedha. Karani alikuwa analia.

Weka VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti mpaka ofisini. Mimi natumia ile iitwayo WireGuard, na ruta za MikroTik zenye RouterOS 7, programu inayoziendesha, zinayo tayari. Kila mtu anapewa ufunguo wake. Akiacha kazi, unafuta wa kwake tu. Kama ofisi inapitia seva ya kukodi, upande wa ofisi weka PersistentKeepalive, ishara fupi ya kuiweka njia wazi, kila sekunde 25, la sivyo njia hujifunga ikikaa kimya.

Badili pia mtandao wa ndani. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ya nyumbani kwa bosi ni hivyohivyo, kwa hiyo kompyuta yake itaitafuta ya ofisi palepale sebuleni. Ofisini weka, tuseme, 192.168.57.0, na kompyuta yenye mafaili ipewe anwani isiyobadilika.

Ruta iwe na UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Kompyuta nayo, ingia kwenye BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uipange iwake yenyewe umeme ukirudi, maana ukikatika usiku hakuna mtu ofisini wa kuiwasha.