Yuwalilia Nini Huyo?

Wiki hii mmetuuliza kama nyimbo za roki zina lolote la kutwambia juu ya mapenzi, msiba na majaliwa. Mapenzi nayaruka. Mombasa tuna waimbaji wetu wa taarabu, Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, na wengine wanapokuja wanakuta meza imeshafutwa.

Kwenye majaliwa nina neno. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, Farrokh Bulsara kwa jina la kwao, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Wimbo wake "Bohemian Rhapsody" wa 1975 ni kisa cha kijana aliyeua mtu, anamwungamia mamake. Wengi wetu hushtuka wakisikia "Bismillah" humo ndani. Mimi hunaswa na upepo: mwanzoni na mwishoni anaimba kwamba uvume utakavyo, kwake ni mamoja. Mtoto wa Unguja huyo! Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha, na nahodha aliyepitwa na msimu alikaa bandarini miezi akiungoja. Kwa mtu wa pwani, upepo haujawa mamoja hata siku moja. Ndiyo maana simwamini kijana yule. Hayo ni maneno ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, naye anataka mamake asijue.

Msiba ndio ulioingia nyumbani kwetu. Mwaka 1993 mjomba, baharia, aliniletea kaseti yenye "Tears in Heaven". Eric Clapton aliuimba baada ya mwanawe Conor, wa miaka 4, kuanguka kutoka dirisha la ghorofa ya 53 huko New York, Machi 1991. Nilikuwa nikiupiga uani, mama yuko juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Yuwalilia nini huyo?"

Nikamweleza: amefiwa na mwanawe, sasa amuuliza, wakionana huko peponi atamjua jina?

Mkono ukasimama, kifuu bado kiko kwenye meno ya mbuzi. Nilikuwa nimesahau, au nilijifanya nimesahau, kwamba kabla yangu alizaliwa kaka aliyekwenda na malaria akiwa na miaka 3. Siku ile, mama alinisimulia baadaye, kila aliyeingia mlangoni alimwambia "ndivyo ilivyoandikwa", naye akaitikia. Ni kweli, na sisi ndivyo tunavyoamini. Lakini jibu lile lilifika mapema mno. Halikumwachia nafasi ya kuuliza kitu. Yule Mzungu wa kwenye kaseti alikuwa akiuliza tu, bila ya kujibiwa na yeyote, na hakuna aliyemkatiza.

Mama aliuliza tena, polepole: "Jina la nani? La mtoto, ama la babake?"

"La babake."

Akanyamaza. Machicha yalikuwa yamemshika vidoleni, hakuyapangusa. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine wa kelele.

"Huo sio," akasema. "Rudisha ule."

Redio yetu ilikuwa hairudishi nyuma. Nikaitoa kaseti, nikaenda kutafuta biro.