Andika saa stima ilipopotea

Wiki jana msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimeitwa maabara moja huko Industrial Area, Nairobi, naanza Jumatatu, kitengo cha taka na udongo. Nipe siri ya kazi. Na buti, nije na zangu?" Niliisoma nikiwa ndani ya matatu pale Jogoo Road nikacheka peke yangu mpaka konda akanitazama. Siri yenyewe, mdogo wangu, niliijua baada ya kufukuzwa kazi.

Kwanza tuelewane kazi ni ipi, maana hata wanaoifanya wengi huijua nusu. Mteja akileta gunia la mavi ya tanuri, yaani masalio ya kuyeyusha metali, au udongo wa gereji ya zamani, hatuulizi sumu iliyo ndani ni kiasi gani. Tunauliza itatoka kiasi gani ikikutana na maji. Mama yangu akinunua leso Eastleigh hakuwa na haja ya kujua kiwandani walitia rangi ngapi. Aliiloweka peke yake kwenye beseni, akayatazama maji. Ikichuja, haifuliwi na mashati yetu ya shule. Na alijua kwamba maji moto huichujisha kuliko baridi, na kwamba leso inayofikichwa hutoa rangi kuliko iliyolala tu majini. Ukiyashika hayo, mengine ni mizani na saa.

Kipimo ninachokifanya sana ni cha Wamarekani, wanachokitumia kwao tangu 1990. Unachukua gramu 100 za taka, zisizidi milimita 9.5, kama punje ya mahindi hivi. Unamimina maji yenye asidi ya siki mara 20 ya uzito huo, yaani lita mbili. Chupa inafungwa kwenye mashine, inapinduka kichwa chini miguu juu, mara 30 kwa dakika, kwa saa 18, ikizidi au kupungua mbili. Halafu unapitisha kwenye chujio la nyuzi za kioo na kusoma metali. Risasi (ya betri, si ya bunduki) ikifika miligramu 5 kwa lita, taka hiyo inaitwa hatari. Kwa nini siki? Waliokitunga walifikiria jalala la mji, chakula kinaoza na kutoa asidi juu ya taka za viwandani. Pita jalala la Dandora siku ya mvua, pua yako itakuelewesha.

Sasa kisa changu. Nilikuwa na miaka miwili kazini, na kama wewe nilitaka siku moja jina langu likae chini ya ripoti. Mteja alileta mavi ya tanuri ya kuyeyushia betri, mazito, mfuko mdogo unakuvuta bega. Nilianzisha mashine saa tisa alasiri ili nizime saa tatu asubuhi. Nilipofika asubuhi chupa zilikuwa zinazunguka vizuri kabisa. Nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikaona saa ya maikrowevu inawaka na kuzima, sufuri sufuri, sufuri sufuri.

Nilitoka kumuuliza soja. "Stima ilipotea saa tano hivi, madam. Imerudi nikisikia adhana."

Karibu saa sita! Chupa zilikuwa zimelala, mavi yote yametulia chini, maji juu, leso ndani ya beseni bila mtu wa kuifikicha. Nilikwenda kwa bosi nikamweleza. Hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Lori la mteja linangoja. Andika kumi na nane."

Nikaandika kumi na nane. Kusoma, 4.2. Chini ya mpaka, kila mtu akafurahi. Mwezi uliofuata mteja alipeleka sehemu ya mzigo uleule kwa maabara nyingine, wakapata 6.7. Kwenye mkutano bosi alisema hajawahi kusikia habari ya stima. Mbele ya watu saba akaniambia, "Wewe ulifaa kuosha chupa tu."

Miezi niliyokaa nyumbani nairuka. Leo sahihi iliyo chini ya ripoti ni yangu, na mwezi uliopita mteja yuleyule alinitafuta mwenyewe. Sijamsamehe bosi, nisidanganye. Na chupa naziosha kwa mkono wangu mpaka leo, zinalala kwenye asidi ya naitriki, kwa sababu chupa chafu itakupa risasi ambayo taka haina. Ndiyo maana kila kundi la chupa 20 lazima liwe na angalau moja isiyo na taka ndani, maji ya siki matupu. Anayedharau kuosha chupa hajui kazi.

Ushauri, basi. Andika. Mashine ilianza lini, ilisimama lini, joto la chumba, pH (kipimo cha ukali wa asidi) mwanzoni na pH mwishoni. Ya mwishoni wengi huiruka, na ndiyo inayokuambia kama taka ilimeza asidi yako yote. Taka iliyochanganywa na saruji huweza kuimeza, na risasi ni kigeugeu: hutoka kwenye asidi kali, hutoka tena kwenye chokaa kali, katikati inatulia. Stima ikipotea, andika, kisha rudia. Ukikataliwa kurudia, andika kwamba ulikataliwa.

Pia usifuje pesa za mteja. Kwanza pima jumla ya risasi iliyo ndani. Kwa kuwa maji ni mara 20, udongo wenye risasi chini ya miligramu 100 kwa kilo hauwezi kufika 5 hata ukitoa yote. Na udongo wa mtaa wa Mukuru utakaobaki palepale kunyeshewa usiukimbizie siki, haujaenda jalalani. Kipimo cha Ulaya cha maji matupu, mara 10, saa 24, kinaufaa zaidi. Nimegombana na watu wazima kwa jambo hili.

Na tusijifanye hii ni karatasi tu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Hata watoto walikutwa na risasi kwenye damu. Sasa mwenzangu unaandika saa ambazo mashine haikuzunguka, ukilala unalalaje?

Uliuliza pia kuhusu buti. Nenda na zako. Watakazokupa zitakuwa namba tisa, na udongo mweusi wa Embakasi mvua ikinyesha utazivua na kubaki nazo.