Maswali yenu kuhusu Cecil Taylor, mpiga piano wa jazi aliyeifanya piano ngoma

Wiki iliyopita niligusia habari za Cecil Taylor, yule mpiga piano na mtunzi wa New York (1929 hadi 2018), nikasema ni mmoja wa watu walioufumua muziki wa jazi na kuusuka upya. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, najibu haya kwanza.

Nimemsikiliza dakika tano nikazima. Huyu si anagongagonga tu? Mwanangu wa miaka mitatu akikaa kwenye kinanda cha kanisani anatoa sauti hizo hizo.

Hapana ndugu yangu, na nakuomba usizime mapema hivyo. Mwambie mwanao arudie kile alichogonga sasa hivi, hawezi. Taylor anaweza. Kuna kijipande cha noti tatu nne anakiweka chini na mkono wa kushoto, mkono wa kulia unakiitikia juu, kinarudi kimegeuzwa, kinarudi tena kwa kasi, mpaka kinakuwa kama mvua ya mawe kwenye bati, ila ukitega sikio ni kile kile cha mwanzo. Ni kuitikiana, kama kiongozi na waitikiaji kwenye ngoma. Alafu angalia mikono yake kwenye video yoyote: vidole vinaruka, mara kiganja kinalala, mara ngumi, mara mkono mzima hadi kwenye kiwiko, na bado kila sauti inasikika kivyake, hazikorogani. Piano ina vitufe 88 na kuna mwandishi alisema kwa Taylor hizo ni ngoma 88. Na shule alienda, alisoma New England Conservatory, chuo cha muziki kule Boston, miaka ya 1950, kazi za Bartók na Stravinsky, watunzi wa muziki wa klasiki, anazijua, na za wakongwe wa piano ya jazi, Ellington na Monk, ndio usiseme. Mwenyewe alisema anajaribu kuiga kwenye piano ile miruko ya mcheza dansi hewani, mimi nilipoijua hiyo ndipo masikio yakafunguka.

Muziki kama huo unalipa? Alikuwa anakula nini?

Hili swali linaniuma kidogo. Kwa miaka mingi haukulipa. Albamu ya kwanza aliirekodi 1956, mwaka huo huo akawa anapiga klabu ya Five Spot pale New York, mwaka uliofuata akapanda jukwaa la Newport, tamasha kubwa la jazi, ungesema mambo yamenyooka. Wapi! Wenye klabu wakamkwepa, sababu yao kubwa ilikuwa ya biashara: kipande kimoja chake kinaweza kwenda saa nzima bila kupumzika, watu wameduwaa, hakuna anayeagiza kinywaji, baa haiuzi. Kwahiyo mtu aliyekuwa anabadilisha muziki wa karne alikuwa anaosha vyombo kwenye migahawa ili alipe kodi ya nyumba. Mwaka 1962 jarida la jazi la Down Beat likampa tuzo ya nyota mpya wa piano na kazi hana. Mwishoni mwa mwaka huo akarekodiwa Copenhagen, Denmark, ile albamu ambayo hakuna besi na mpiga dramu Sunny Murray kaachana kabisa na kuhesabu mapigo, alafu kimya, zaidi ya miaka mitatu mpaka albamu ya Unit Structures ya 1966. Ila nyumbani kwake hakunyamaza, alikuwa anakaa kwenye piano anapiga shoo nzima mwanzo mwisho kana kwamba ukumbi umejaa. Hapo ndipo ninapompenda, maana pumzi ile unayoisikia kwenye rekodi za baadaye imetoka kwenye hicho chumba. Miaka ya 70 vyuo vikaanza kumwita akafundishe, 1978 akapiga kwenye bustani ya Ikulu ya Marekani na Rais Carter mwenyewe akainuka kumfuata, na 1991 akapata ruzuku ya MacArthur, ile ya Marekani wanayopewa watu wenye vipaji vya pekee.

Kuna albamu ya jazi inaitwa Mwandishi, ni ya huyu?

Siyo, dada, hiyo ni ya mpiga piano mwingine, Herbie Hancock, ya 1971. Wakati huo Wamarekani weusi wengi walikuwa wanakipenda sana Kiswahili, na bendi nzima ikajipa majina: Hancock akawa Mwandishi, mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali, mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga, na kweli alisomea udaktari.

Bendi ya Taylor walikuwa wanasoma noti au kila mtu anajipigia?

Walikuwa wanafanya mazoezi mengi mno. Mara nyingi hakuwapa noti zile za mistari mitano, aliwapa herufi za noti au aliwapigia kwenye piano washike kwa sikio, kila mmoja achague namna ya kuzitamka kwenye chombo chake. Muziki wa hivi unataka watu wanaojuana. Ndio maana Jimmy Lyons wa saksafoni alikaa naye tangu mwanzoni mwa miaka ya 60 mpaka Lyons alipofariki 1986, robo karne.

Ni kweli aliibiwa hela ya tuzo?

Ni kweli. Mwaka 2013 alipewa Tuzo ya Kyoto kule Japani, karibu dola nusu milioni, mzee ana miaka 84. Fundi ujenzi mmoja aliyekuwa amejiweka karibu naye pale Brooklyn akasafiri naye, akatoa namba ya akaunti yake mwenyewe, hela ikaingia huko. Alikiri kosa mahakamani akafungwa. Bado nikiikumbuka nakasirika.

Nianzie wapi?

Anza na ile ya kwanza ya 1956, Jazz Advance, maana humo bado kuna nyimbo za Monk na Ellington, unasikia anavyozibomoa taratibu. Kisha nenda Silent Tongues, iliyorekodiwa kwenye tamasha la Montreux kule Uswisi 1974, yuko peke yake na piano. Usiiweke huku unapika. Vaa hedifoni, mara ya kwanza fuata mkono wa kushoto tu, mara ya pili fuata wa kulia, Unit Structures iache mpaka mwezi ujao.