Meno Marefu na Chumvi Nyingi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeombwa kuandika kwa Kiingereza hotuba fupi ya kumuaga mwalimu wetu anayestaafu. Nimekutana na msemo "long in the tooth", na kamusi yangu inasema kuwa maana yake ni kuwa na umri mkubwa. Je, naweza kuutumia pale ambapo kwa Kiswahili ningesema kwamba mwalimu huyu amekula chumvi nyingi? Tena, meno marefu yanahusianaje na uzee, ilhali wazee wetu meno huwapungua?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usiutumie. Kamusi yako haikukosea kuhusu umri, lakini haikukueleza uzito wa maneno hayo yanapomfikia anayesemwa.

Msemo huu umetokana na farasi. Sehemu kubwa ya jino la farasi imefichika ndani ya taya, nayo huendelea kuchomoza kidogo kidogo, yapata milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, ili kufidia ile inayolika kwa kutafuna majani. Farasi anapozeeka, meno yake ya mbele hulala kuelekea nje na ufizi hurudi nyuma, ndipo yakaonekana marefu. Mnunuzi makini hakuridhika na maneno ya muuzaji, bali alimfunua farasi midomo akajionea mwenyewe. Wafugaji wetu nao hufanya hivyo mnadani, ingawa kwa ng'ombe na mbuzi wao huhesabu meno ya mbele ya kudumu yaliyokwishaota, hawapimi urefu.

Sasa zingatia kwamba anayekaguliwa meno hapo ni mnyama anayeuzwa, na anachotaka kujua mnunuzi ni kama bado ana nguvu za kazi. Msemo ulipohamishiwa kwa binadamu ulikwenda na dharau hiyo. Mwandishi Mwingereza Thackeray, katika riwaya yake ya Henry Esmond iliyochapishwa mwaka 1852, aliutumia kumweleza mwanamke aliyekonda na mwenye rangi ya manjano, na hakukusudia kumsifu. Hadi leo husemwa juu ya mtu anayeonekana kuwa mzee mno kwa jambo fulani, kama vile mwanasoka wa miaka 38 anayetaka kurudi timu ya taifa, ambaye watangazaji wetu wangesema umri umemtupa mkono. Husemwa pia juu ya gari au programu ya kompyuta iliyopitwa na wakati. Mtu akijisema mwenyewe hivyo, hakuna ubaya. Lakini kumsema mkubwa wako mbele ya wageni, siku ya kumuaga, ni kumvunjia heshima bila kukusudia.

Kula chumvi nyingi ni jambo jingine kabisa. Chumvi haipimi nguvu zilizobaki. Huhesabu miaka ambayo mtu ameishi na mengi aliyoyaona, na ndiyo maana maneno hayo hutangulia tunapomwendea mzee kumwomba shauri. Kwa hotuba yako ningependekeza "a seasoned teacher", yaani mwalimu aliyekomaa katika kazi yake. Neno hilo, "seasoned", hutumika pia kwa mbao zilizokaushwa vyema na kwa chakula kilichokolea viungo na chumvi, kwa hiyo utakuwa umebaki karibu sana na ulichotaka kusema tangu mwanzo.