Jibu: Kwa nini ratiba ya MLB (ligi kuu ya besiboli ya Marekani) haina usawa?

Mkuu, umeuliza inakuwaje timu mbili zinazogombea nafasi moja ya mtoano zipewe ratiba tofauti, ilhali tangu 2023 kila timu inakutana na zote. Kukutana zinakutana, ila si kwa idadi sawa. Kati ya mechi 162 za msimu, 52 ni za ndani ya kundi lako la timu tano, 13 kwa kila mpinzani. Aliyeangukia kundi gumu anaumia, maana zile nafasi tatu za ziada, za wasioongoza kundi, zinagombewa na ligi yako nzima (MLB ina mbili: American League na National League).

Halafu kuna hasimu wa ile ligi nyingine, timu moja unayopangiwa mechi nyingi kuliko wengine, na hapo ndipo panaponikera hasa. Angalia 2024: White Sox wa American League walipoteza mechi 121. Cubs wa National League, kwa kuwa wote ni wa Chicago, walipangiwa nao mechi nne na wakashinda zote. Timu nyingine za National League ziliambulia tatu tatu. Na 2025 mechi za mahasimu zikapandishwa hadi sita! Dabi tunazipenda, sawa, lakini kufuzu kusitegemee jirani yako ni nani. Tena hizo tatu za wengine huchezwa uwanja mmoja: mwaka huu kwako, mwaka ujao kwao.