Kadi ya netiwaki imekataa kuingia kwenye HP nyembamba, niirudishe dukani?

SWALI: Fundi habari ya kazi. Mimi ni mwalimu huku Vihiga, upande wa Mbale. Wiki iliyopita jioni radi ilipiga karibu na kwetu, stima ikapotea, iliporudi kompyuta ikawaka vizuri lakini intaneti ya waya ikakataa kabisa, na simu inashika waifai ya rauta hiyo hiyo bila shida. Ni HP ile nyembamba ya eks-UK. Fundi mmoja ameniambia tundu la netiwaki limeungua kwa hivyo madabodi, ile bodi kuu ya ndani, ibadilishwe, mwingine akasema ninunue kadi ya netiwaki tu. Kadi nimenunua lakini haiingii, kile kibati cha nyuma ni kirefu kuliko kompyuta yenyewe. Niirudishe? Na naweza kuiweka mwenyewe ama niilete Kisumu?

JIBU: Salama mwalimu, na pole sana na hiyo radi. Usilete Kisumu, nauli ya nini, hiyo ni kazi ya dakika 20 na utaiweka mwenyewe hapo mezani. Na madabodi usibadilishe. Tundu la waya linaendeshwa na chipu yake ndogo pale kwa madabodi, chipu hiyo ikiungua peke yake kompyuta haijali, ndio maana yako bado inawaka na kuprinti kama kawaida, kwa hivyo ukiweka kadi unaipita tu hiyo chipu iliyokufa.

Lakini kabla hujafungua kitu hebu hakikisha kweli imekufa. Zima kompyuta, chomoa waya wa stima kwa ukuta, chomoa na wa intaneti, halafu finya kitufe cha kuwashia ukishikilie kama nusu dakika hivi, kisha rudisha kila kitu uwashe. Nimeona kadhaa zikiamka hivyo, chipu ilikuwa imeganda tu stima iliporuka. Kama bado, angalia zile taa mbili ndogo kando ya tundu, zikiwa kimya kabisa jaribu waya mwingine, halafu tundu lingine la rauta, kwa sababu radi inaweza kuua tundu moja la rauta ikaacha waifai salama, na hapo utakuwa unalaumu kompyuta bure. Ukipata laptopu ya mtu yenye tundu la waya ichomeke hapo hapo, ikishika basi ujue shida ni kompyuta yako kweli.

Sasa hiyo kadi. Kibati kirefu ni cha zile kompyuta pana, kina kama sentimita 12, na HP yako nyembamba inataka kifupi cha kama sentimita 8. Rudi kwa boksi uliloletewa uangalie chini kabisa, kwenye karatasi ama kile kimfuko cha plastiki, kadi nyingi zinakuja na vibati viwili na watu wanatupa cha pili wakidhani ni takataka. Kama kipo, fungua skrubu mbili zinazoshika kibati kirefu, weka kifupi, umemaliza. Kama hakipo ndio urudi kwa muuzaji umwambie unataka kadi ya kompyuta nyembamba yenye kibati kifupi. Ukiwa hapo pima na bodi yenyewe bila kibati, kimo chake kisizidi sentimita 6 na nusu hivi, la sivyo kifuniko hakitafunga hata ukipata kibati. Tafadhali usikubali mtu akukatie kile kirefu na msumeno kikiwa bado kwenye kadi, chembe za chuma zikibaki pale katikati ya pini za chipu na uwashe stima utakuwa umenunua hasara ya pili. Na usiiweke bila kibati kabisa, ndicho kinachoishika, siku mtoto atavuta waya kadi itainama ndani ya sloti, ile nafasi inapochomekwa kwenye madabodi, kompyuta ikiwa inafanya kazi.

Jambo lingine la kuangalia ni sloti. Kuna PCI ya zamani, ile ndefu kiasi na mara nyingi nyeupe, na kuna PCI Express. Ya kadi ya netiwaki kwa kawaida ni ile fupi kabisa inayoitwa x1, meno yake ni kama sentimita mbili na nusu tu. Kadi ya x1 inaweza kukaa pia kwenye sloti ndefu ya x16 na ikafanya kazi vizuri, usiogope kuona nafasi imebaki wazi. Ile ya PCI ya zamani haitaingia kwenye Express hata ukiilazimisha, kwa hivyo usiilazimishe. Soma pia maandishi juu ya chipu ya kadi: ikiwa Realtek RTL8139 hiyo ni ya zamani, mwisho wake Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde), ikiwa RTL8111 au 8168 hiyo ni gigabiti (kama Mbps 1000) ya Express na ndiyo ningekuchagulia. Ukiambiwa uongeze pesa upate ya gigabiti 2.5 kataa, laini ya nyumbani ya Mbps 10 ama 20 haitaisikia tofauti hata kidogo.

Kuiweka sasa. Chomoa stima kwa ukuta, si kuzima tu, madabodi huwa na stima kidogo hata kompyuta ikiwa imezimwa. Finya tena kitufe cha kuwashia umalize iliyobaki. Usifanyie kazi kwenye zulia wala ukiwa na sweta ya sufu, weka kompyuta juu ya meza ya mbao, ilaze ubavu, toa kifuniko, na kabla ya kugusa kadi shika chuma cha kasha kwa mkono mtupu ili ile stima ya mwilini iishie hapo. Nyingi za hizi HP hazina skrubu kwenye vile vibati vya nyuma, kuna kilango kidogo unakifungua, unatoa kibati kitupu kilichoziba nafasi mbele ya sloti. Shika kadi kwa kingo zake, usiguse meno ya dhahabu, yasimamishe sawa na sloti, halafu sukuma kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande, polepole lakini kwa nguvu kiasi. Utasikia imekaa. Angalia kutoka ubavuni, meno yote yawe yamezama kwa usawa, upande mmoja ukiwa juu kidogo kompyuta haitaiona kabisa na utadhani umeuziwa mbovu. Funga kilango, rudisha kifuniko.

Chomeka waya kwenye tundu JIPYA (usicheke, hii nimeitiwa zaidi ya mara moja, mtu amerudisha waya kwa lile la zamani) kisha uwashe. Windows 10 mara nyingi inaitambua yenyewe. Ikikataa bonyeza kulia kitufe cha Start uingie Device Manager, ukiona alama ya njano inataka draiva, ile programu ndogo ya kuiendesha kadi, na hapo watu wanakwama, draiva iko intaneti na intaneti ndiyo hauna. Chukua simu yako, iunge na kompyuta kwa waya wa chaji, washa ile ya kushea intaneti kwa USB, vuta draiva na bandali ya simu, ni faili ndogo. Lile tundu lililoungua lizime kwa bayosi, ile menyu ya mipangilio inayokuja kabla ya Windows, ili lisiendelee kuisumbua Windows, kwa HP finya F10 inapowaka. Mwisho angalia spidi ya laini, ikionyesha Mbps 100 na kadi ni gigabiti basi angalia waya, gigabiti inataka nyuzi zote nane ziwe zima na Mbps 100 inatosheka na nne, mara nyingi ni uzi mmoja umekatika kwa kichwa.

Mwalimu, kuna kitu hukuniambia na ndicho kinanisumbua zaidi. Hiyo intaneti inaingiaje nyumbani? Kama ni antena juu ya paa na waya unashuka mpaka kwa rauta, basi nina hofu radi ilipitia huko. Si lazima ikupige wewe, ikipiga mti wa jirani waya mrefu wa nje unaivuta na kuileta ndani. Kuna mteja wangu wa Kakamega nilimwekea kadi vizuri, tukafurahi, sikumuuliza waya unatoka wapi, baada ya wiki tatu amerudi na kadi imeungua na safari hii imeenda na madabodi. Ile iliniuma, kwa sababu swali moja tu lingemwokolea pesa. Na usitegemee ile soketi ya kuzuia stima kuruka, inalinda upande wa stima tu isipokuwa iwe na matundu ya waya wa intaneti pia, na hata hiyo bila athi nzuri, ule waya unaoshuka ardhini, haina mahali pa kuitupa radi. Mwite fundi wa stima apime athi ya nyumba, nyumba nyingi huku soketi ina tundu la tatu lakini ndani hakuna kitu.

Kama waya unatoka kwa paa, mimi ningekushauri hata hiyo kadi uibadilishe na ya waifai, kati ya rauta na kompyuta kuwe na hewa tu, radi ikija kwa waya huo iishie kwa rauta. Kama ni faiba, ule uzi ni kioo haubebi stima, weka kadi yako ya waya bila wasiwasi mwingi ila mawingu yakianza kujikusanya alasiri chomoa stima ya rauta na ya kompyuta pia. Niandikie ni ipi kati ya hizo mbili kabla hujarudi dukani.